MLIMA HANANG: HIVI WALE WA KATESH WALIKUWA WADHAMBI KULIKO SISI?

Najua wengine mnasoma haya mkiwa intaneti kafe, dakika zinahesabiwa na kuna mtu nyuma yako anasubiri kiti. Kwa hiyo sizunguki sana.

Mimi ni mchungaji wa usharika wa kijijini, upande wa Mbulu, si mbali na barabara ya kwenda Haydom. Si mchungaji wa kwenye televisheni. Nina ng'ombe watatu, shamba la mahindi, vitunguu saumu kidogo, na watoto ambao ada yao inanikosesha usingizi. Mahubiri yangu nayaandika Jumamosi usiku baada ya kufunga ndama. Nasema hivi ili mjue anayeongea ni nani, msije mkategemea miujiza.

Tangu Desemba 2023 kuna swali moja naulizwa kuliko maswali yote. Nimeulizwa mnadani, nimeulizwa kwenye basi la Babati, nimeulizwa na kijana wa bodaboda kabla hata sijapanda. Linakuja hivi: "Baba mchungaji, tuambie ukweli. Ule mlima, Mungu alikuwa amekasirika, au?"

Leo nataka nilijibu kwa utaratibu, maana jibu la kwenye bodaboda halitoshi. Na nina sababu nyingine, ambayo ni kosa langu mwenyewe. Nitalisema mbele ya safari.

SIKU YENYEWE

Kwa wale ambao hamkuwa karibu: Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi mapema, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilikatika ikashuka. Tope, maji, mawe na miti mizima vilifuata makorongo. Vikaingia kijiji cha Gendabi, vikaingia Jorodom, vikaingia Katesh penyewe, makao makuu ya wilaya ya Hanang. Barabara kuu ya kutoka Babati kwenda Singida ikafunikwa. Waliokufa, kwa hesabu zilizotangazwa na serikali mwezi ule ule, walifika 89. Majeruhi walizidi 100. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi, ule wa COP28. Akakatisha safari, na tarehe 7 Desemba akawa Katesh.

Sasa kwa sisi tunaofuata kalenda ya kanisa, ile ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Ndiyo Jumapili ya kuanza kusubiri Krismasi. Mahubiri yangu yalikuwa tayari, nimeyapiga msasa: Kesheni! Nimeandika na mfano wa mlinzi anayesinzia lindoni. Kabla ya ibada simu zikaanza. Mzee wa kanisa mmoja ana dada yake Katesh, anapiga haipatikani. Mama mwingine mwanawe anafanya biashara pale sokoni, haipatikani. Nilipanda madhabahuni na karatasi yangu ya "Kesheni" mfukoni, na jamani, sikuweza kuitoa. Ningewaambiaje watu kwamba kuna wenzao wamesinzia?

Tukaomba, tukaimba, tukakusanya sadaka ya pili. Jumanne tukaondoka na pikapu ya kuazima, magunia ya mahindi, mablanketi na ndoo. Tulipita Basotu. Siku ile mlima ulikuwa wazi na tukauona toka mbali. Una jeraha. Mistari myekundu imeshuka kutoka juu, kama mtu aliyekwaruzwa na chui.

Katesh nisingependa kuieleza sana. Wenye ndugu pale wanasoma pia. Niseme kitu kimoja tu. Niliona mlango umesimama na fremu yake, kufuli imefungwa vizuri kabisa, na nyuma ya mlango hakuna nyumba. Mtu alifunga mlango usiku akalala. Mpaka leo nikifunga kwangu namkumbuka, na jina lake silijui.

JE, ILIKUWA VOLKANO?

Siku za kwanza uvumi ulikuwa mwingi. Wengine walisema mlima umelipuka. Si ujinga kuuliza hivyo. Hanang kweli ni mlima uliotokana na volkano, una zaidi ya mita 3,400, na kaskazini yetu kuna Oldoinyo Lengai ambao ni hai na ulilipuka mwaka 2007 na 2008. Lakini serikali ilituma wataalamu wa miamba, wakachunguza, wakasema hakuna volkano iliyolipuka. Kilichotokea ni kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikazidiwa.

Ngoja nieleze kwa namna mtoto wa Sunday school alivyonielewa. Chukua mchanga mkavu, unamwagika. Utie maji kidogo, unashikana, unaweza kujenga nyumba. Sasa mwaga ndoo nzima. Nyumba inageuka uji, inaondoka. Udongo wa mlimani ni vilevile. Maji kidogo yanaushika, maji mengi yanauachanisha. Na udongo wa Hanang ni majivu na mawe ya volkano ya zamani sana, yameoza na kulainika kwa muda mrefu. Ndiyo maana mahindi na maharage yanakubali pale chini. Rutuba iliyowaita watu wakae pale na tope lililowafunika vimetoka kwenye mlima mmoja. Hilo linaniumiza, lakini ndivyo ilivyo.

Kipande kikishakatika na kuingia korongoni, si mafuriko tena ya kawaida. Ni kitu kizito kama zege bichi, kinang'oa miti, kinabeba mawe ambayo maji peke yake yasingeyabeba. Kinakimbia kwa sababu korongo ni mteremko na limebana. Likifunguka tu kwenye tambarare, kinatawanyika. Na kwenye tambarare ndiko tulikojenga maduka, soko na nyumba. Kwa hiyo tope halikuchagua mtu. Lilifuata korongo.

Na ile mvua? Vuli ya 2023 ilikuwa na El Niño. Ni maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, na kwetu Afrika Mashariki mara nyingi matokeo yake ni mvua nyingi. Msimu ule ule mafuriko yalipiga Kenya na Somalia. Wazee wa Mbulu wanakumbuka ile ya 1997 na 1998. Shikeni hilo neno El Niño, nitalirudia mwishoni, maana hapo ndipo ninapodaiwa.

"NI ADHABU"

Wiki ile ile, kwenye matanga fulani, alisimama mhubiri mgeni. Simtaji wala sisemi katoka wapi. Akafungua Biblia, akasema Katesh kumezidi pombe, uzinzi na ushirikina, na Mungu hadhihakiwi. Alisema kwa sauti kubwa, na wengine wakajibu Amina. Mbele yake amekaa mama aliyezika watoto wawili. Mkubwa alikuwa darasa la pili.

Yule mama hakulia. Aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akatoka nje. Nami nilikuwa nimekaa pale na kola yangu shingoni, sikusema neno. Nilijiambia si vizuri wachungaji kubishana mbele ya wafiwa. Uongo. Nilinyamaza kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuhubiri vilevile.

Zamani kidogo, nikiwa bado kijana kwenye huduma, radi ilimuua kijana mmoja kijijini kwetu. Si mnajua radi za huku kwetu. Alikuwa akitoka kilabuni jioni. Jumapili nikahubiri juu ya mshahara wa dhambi. Jina sikulitaja, nilijiona mwerevu, lakini kanisa zima lilijua namsema nani. Mama yake alikuwa mstari wa pili. Hakurudi tena kanisani, nami nikasema amekuwa baridi kiroho.

Sasa twende kwenye Kitabu chenyewe, maana wapo watakaosema mchungaji huyu amekuwa wa kisasa, anaogopa kukemea.

Kwanza, Luka sura ya 13. Kulikuwa na mnara Siloamu, Yerusalemu, ukaanguka ukaua watu 18. Yesu mwenyewe ndiye aliyelileta lile tukio, akawauliza watu kama wanadhani wale 18 walikuwa wabaya kuliko wakazi wengine wote wa mji. Akajibu mwenyewe: la. Hakuishia hapo, ni kweli. Akawageukia wasikilizaji akawaambia watubu wao. Angalieni lakini anamwambia nani. Toba anawadai walio hai waliokuja kusikiliza, na kwenye makaburi ya wale 18 hamnyoshei mtu kidole. Mhubiri wetu yeye aliigeuza: akawahukumu waliokufa, akawaacha waliosimama wajisikie wasafi.

Pili, Yohana sura ya 9. Wanafunzi wanamwona kipofu wa kuzaliwa, wanauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Ni swali lile lile la bodaboda! Yesu akakataa yote mawili, kisha akaanza kumshughulikia yule mtu.

Tatu, Ayubu. Rafiki zake watatu walipokuja, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema kitu. Mpaka hapo walikuwa marafiki wazuri sana. Walipofungua mdomo na kuanza kutafuta dhambi yake ndipo wakaharibu, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu.

Najua mtauliza: je, Sodoma? Gharika ya Nuhu? Swali zuri. Kwenye hadithi zile mtu aliambiwa mapema. Nuhu aliambiwa kabla, Ibrahimu aliambiwa kabla. Hanang nani aliambiwa kabla? Yule mhubiri alipata ufunuo wake Jumatano, wakati tope lilishuka Jumapili. Kumtafutia Mungu sababu baada ya tukio ni kubahatisha, halafu unasaini kwa jina la Mungu.

Na kama ni dhambi, hesabu haziendi. Pombe ipo Katesh, ipo kwetu, ipo Arusha, ipo na Ulaya. Mei 2023, miezi saba kabla ya Hanang, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 400 kule Kalehe, Kivu Kusini, Kongo. Kijiji cha Nyamukubi kilipigwa siku ya soko. Walikuwa wanauza na kununua tu. Machi 2010 mlima Elgon upande wa Uganda ulifunika kijiji cha Nametsi, Bududa, na mamia ya watu hawakuonekana tena. Mtu anaweza kuniambia hawa wote walikuwa na dhambi gani ambayo wewe na mimi hatuna?

PADRI WA LISBON

Haya mambo si ya Waafrika peke yetu, msije mkadhani. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko liliipiga Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wamejaa makanisani na mishumaa inawaka. Mapaa yakawaangukia. Halafu moto, halafu bahari ikaja juu. Waliokufa walikuwa maelfu kwa maelfu, na wengi walikuwa ibadani.

Wahubiri wa Ulaya wakaanza. Waprotestanti wengine wakasema ni kwa sababu Ureno ni ya Kikatoliki. Na ndani ya Ureno kulikuwa na padri maarufu, Gabriel Malagrida. Mwaka 1756 akatoa kijitabu akisema tetemeko ni adhabu ya dhambi za watu wa Lisbon, na wanaohangaika kujenga vibanda na kusafisha mji wangefanya vizuri zaidi kutubu. Waziri aliyekuwa akiujenga upya mji, yule tunayemsoma kwa jina la Pombal, akamwondoa mjini, maana watu wakiamini hivyo hawatashika jembe.

Hapo ndipo nilipoona hatari yenyewe. Neno "adhabu" linaumiza wafiwa, na tena linafunga mikono. Kama ni adhabu, kwa nini uhamishe nyumba korongoni? Kwa nini upande miti? Utahama mbele za Mungu uende wapi? Neno linaloonekana la kiroho kumbe linamwacha mtu alale pale pale kwenye njia ya tope.

MZEE NA METIMANI

Huku kwetu lipo jambo jingine, na vijana wa mjini labda mmelisikia juu juu. Wairaqw wana desturi ya zamani inaitwa metimani. Nyumba iliyopatwa na msiba wa aina fulani, mwanamke aliyeharibikiwa mimba, binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa, walitengwa kwa muda. Hawachangii moto na majirani, hawachangii vyombo, hawaendi kwenye pombe ya wenzao. Iliaminika msiba unaambukiza.

Sisi wachungaji tumeihubiri sana desturi hii, kwamba ni giza. Sasa baada ya matanga yale nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kiiraqw, mtu mzima sana, hajabatizwa na hana haraka ya kubatizwa. Nikamweleza yaliyosemwa. Alinisikiliza, akacheka kidogo kwa huzuni, akasema: "Mchungaji, mwanangu, metimani ilikuwa na mwisho. Siku zikitimia mtu anarudi kwa wenzake. Hiyo yenu inaisha lini?"

Nilikosa jibu.

Akaendelea. Kwa imani ya zamani, Looaa aliye juu anatajwa kama mama. Ni mwema, ndiye wa jua na mvua. Wanaoleta madhara ni netlaangw, wanaokaa kwenye chemchemi na mito. "Sisi," akasema, "mambo mabaya tuliwapa netlaangw. Looaa hatukumsingizia."

Mimi si muumini wa netlaangw, nadhani mmenielewa. Lakini mzee asiyebatizwa alikuwa na heshima zaidi kwa jina la Mungu kuliko mhubiri mwenye kipaza sauti. Na niliona kitu: ukiwaambia watu wa Katesh wamelaaniwa, umewarudishia metimani, safari hii imevaa koti la Kikristo na haina siku ya kutoka.

SASA TUNAHUBIRI NINI?

Msijidanganye kwamba ni rahisi. Kuhubiri huku ni kazi ya lugha kwanza. Mbulu na Hanang ni sehemu adimu, familia nne kubwa za lugha za Afrika zimekutana. Kiiraqw ni cha Kikushi. Kidatooga cha ndugu zetu Wabarbaig ni cha Kinailoti. Wanyaturu na Wanyiramba ni Wabantu. Na Wahadzabe kule Yaeda wana lugha yao ya kudokoa ulimi, ambayo wataalamu wa zamani waliiweka pamoja na Kikhoisani. Unasimama na Kiswahili, mkalimani pembeni, na sentensi moja ndefu ikifika upande wa pili imeshakuwa kitu kingine. Msiba umenifundisha sentensi fupi.

Jumapili iliyofuata nilihubiri dakika saba. Nilisema mambo matatu. Kwamba Mungu hakumtuma mtu yeyote kutuambia hii ni adhabu. Kwamba kulia na hata kumlalamikia Mungu si kukosa imani, kwani zaburi nyingi ni malalamiko matupu na bado zimo kwenye Biblia. Na kwamba kuna watu wamelala kwenye madarasa ya shule, kwa hiyo baada ya ibada tunahesabu mablanketi. Nikashuka. Mzee wa kanisa akaniuliza kama naumwa.

Kwenye mazishi nako nilijifunza. Mzee mmoja wa Kibarbaig alinieleza uchungu wa ndugu kufukiwa kusikojulikana. Kwao kaburi la mzee mkubwa ni kazi ya miezi, linajengwa, linapandishwa juu, linaitwa bung'eda, na watu wanakusanyika kumwimbia. Kabila hili lilishaona makaburi yake yakilimwa miaka ile mashamba ya ngano ya NAFCO yalipochukua ardhi yao Hanang. Sasa na mlima nao umefanya hivyo. Mtu kama huyo humpi maelezo ya dhambi. Unamuuliza jina la ndugu yake, alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa na ng'ombe gani, alipenda nini. Na unakaa.

Ndipo nikamkumbuka yule mama wa radi. Mwaka 2024 nilikwenda kwake. Nilitembea kwa miguu, pikipiki niliona haya kuipeleka. Alinikaribisha, akanipa chai ya maziwa. Nikamwambia, "Mama, nilikukosea. Nilimhukumu mwanao nikiwa simjui." Alikaa kimya muda mrefu, akasema: "Nilisubiri uje uniulize alikuwa mtoto wa namna gani. Hukuuliza."

Nikamuuliza siku ile. Aliongea mpaka ng'ombe wakarudi. Kijana wake ndiye aliyekuwa akimchotea maji bibi yake kila siku. Ile jioni alitoka kilabuni kweli, alikwenda kumwita baba yake arudi nyumbani.

Wadau, mnisamehe, hapo nilishindwa kumaliza chai.

MATANGAZO

Sasa nimalizie na deni langu la El Niño.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza kabla vuli haijaanza, mwaka ule wa 2023, kwamba mvua zitakuwa nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya El Niño. Redio zilisema. Mimi nilisikia nikiwa nakamua! Na kila Jumapili mwisho wa ibada huwa nasoma matangazo: harusi ya fulani, ng'ombe wa fulani amepotea, kwaya wakutane Alhamisi, mchango wa bati bado. Nusu saa ya matangazo. Hakuna hata Jumapili moja niliyosema: jamani, wenye ndugu kwenye makorongo wawaambie wasilale karibu, mvua za mwaka huu si za kawaida. Sisemi ningeokoa mtu Katesh. Ila nilikuwa na watu wanne mia wamekaa kimya wananisikiliza, na habari nilikuwa nayo, nikasoma mchango wa bati.

Kumbe ile "Kesheni" niliyoshindwa kuitoa mfukoni ilikuwa inanihusu mimi.

Siku hizi matangazo yanaanza na utabiri wa mvua. Mwanzoni watu walicheka. Sasa wanauliza. Na baada ya hapo nasoma dalili hizi, nami naziweka hapa ili mwenye kwao mlimani apige simu leo:

1. Mto au kijito kikibadilika ghafla kuwa tope zito, au maji yakikatika ghafla wakati mvua inanyesha, huenda kuna kitu kimeziba juu. Usisubiri kuona.

2. Nyufa mpya kwenye mteremko, miti au nguzo zilizoanza kuinama, chemchemi mpya pasipokuwa na maji jana: mwambie mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo.

3. Ukisikia mngurumo toka juu kama wa malori mengi, toka korongoni kwa kwenda pembeni, upande ulioinuka. Usikimbie kufuata korongo kushuka, tope lina mwendo kuliko wewe.

4. Usirudi kuchukua godoro wala simu. Tope la pili huja.

5. Usijenge kwenye mdomo wa korongo hata kama kiwanja ni cha bei rahisi. Na miti ya mteremkoni ina kazi, mizizi yake inashika udongo.

Je, hii ni injili? Mimi naona ni sehemu yake. Kumpenda jirani ni pamoja na kumwambia hapa pana korongo.

Kwa hiyo, kijana wangu wa bodaboda, jibu langu ndilo hili. Kwa nini Mungu aliruhusu, nitamuuliza nikifika, na nina maswali mengi ya kuongozana na hilo. Lakini wale 89 hawakuwa wadhambi kuliko wewe wala mimi. Walikuwa wamelala nyumbani kwao, chini ya mlima uliolowa, na asubuhi wengine wao wangekuja kanisani.

Kama una ndugu uliyempoteza pale, andika hapo chini jina lake la kwanza tu na alikuwa mtu wa namna gani. Safari hii nauliza. Na kama wewe ni mhubiri na hukubaliani nami, karibu pia, tujadili kwa adabu. Nawakilisha.